Kufunga grupe ya WhatsApp: kitu kizuri, lakini msiache kimefungwa

Wenye mnasimamia grupe ya avenyu, ya AVEC (kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana), ya kwaya ao ya wazazi wa shule, hii nimewaandikia nyinyi. Nataka tuongee juu ya ile kitu ya WhatsApp inayofanya memba wasiandike tena, abaki anaandika admin peke yake, vile huku Goma tunasemaga "kufunga grupe". Naitumia kwenye grupe ya avenyu yetu huku Ndosho na kwenye grupe ya AVEC yetu, na maoni yangu nayaweka hapa mwanzoni kabisa: ni kitu cha maana sana, na mtu mwenye kusimamia watu zaidi ya mia bila kuitumia anajitesa bure. Lakini vile admin wengi wanaitumia hapa mjini, anafunga siku moja amekasirika halafu anaacha hivyo miezi na miezi, hapo inaharibu kuliko inavyosaidia.

Vile inafanyika kwanza, juu kuna wengi bado wanauliza. Unafungula grupe, unagusa jina lake kule juu, unashuka mpaka penye ruhusa za grupe, unazima ile inayoruhusu memba kutuma ujumbe. Imeisha, haichukui hata dakika. Kwa memba, pale chini penye anaandikaga panabaki maneno madogo ya kumwambia kama ni admin tu wanaweza kutuma. Anaweza bado kusoma, anaweza kuweka emoji juu ya ujumbe wako, na anaweza kukuandikia wewe pembeni. Ilikuja mwaka 2018. Mbele ya hapo dawa ilikuwa paka moja, kumtoa mtu mwenye kelele, na kumtoa mtu kwenye grupe ya avenyu ni vita, jirani atapita mbele ya mlango wako bila kukusalimia, na mama yake atakuja kuuliza mtoto wake alikosea nini.

Sababu ya kwanza mimi napenda hii kitu ni mega. Watu wengi wa kwetu hawana intaneti ya kila saa. Mama mwenye kuuza makala (mkaa) anaweka mega za siku moja, anafungula telefone jioni akirudi sokoni, anakuta ujumbe mia mbili: bonjour wapendwa, amina, picha ya maua na mstari wa Biblia, video ya mtu anacheza, tangazo la perike, amina tena, link ya kazi ya shirika ambayo ukigusa inakuomba namba zako zote, na katikati ya hiyo yote kuna ujumbe mmoja wa shefu wa avenyu kama maji yatatoka kwenye robine kesho saa kumi ya usiku, watu waamke na bido. Ule ujumbe hatauona. Kesho utamsikia analalamika, "Mbona hamukuniambia?" na atakuwa na haki, juu kumwambia mtu kitu halafu kukizika chini ya amina mia haiko kumwambia.

Ya pili ni uvumi, na hapa watu wa Goma hamna haja nieleze sana. Volkano ya Nyiragongo ilipolipuka jumamosi jioni ya tarehe 22 Mei 2021, wengi walikuwa tayari barabarani na magodoro kichwani kabla tangazo la serikali halijafika. Lava ikasimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Halafu zikaja siku za mitetemeko, kuta zinapasuka, hakuna mtu analala ndani, na tarehe 27 gavana wa kijeshi akatangaza kuhamisha kartie 10 kati ya 18 za mji. Watu wakaenda Sake, Minova, Rutshuru, Gisenyi, wengine wakapanda boti mpaka Bukavu. Sasa kati ya hizo siku zote odio zilikuwa zinapita usiku kucha, sauti ya mtu asiye na jina, anapumua haraka, anasema ana ndugu yake mahali anajua. Na ubaya wa zile odio ni kwamba hazikuwa uongo mtupu. Magma chini ya mji ilikuwa kweli, mamlaka yenyewe ilisema. Gazi ndani ya ziwa Kivu iko kweli, kila mtoto wa hapa anajua. Lakini odio ilikuwa inaongeza saa, inaongeza dakika ya mlipuko, kitu ambacho hata watu wa Observatoire Volcanologique (OVG), wenye kupima mlima, hawawezi kukijua, na ni ile saa njo ilikuwa inatoa watu mbio na watoto mgongoni. Ndosho yetu haikuwa kwenye ile orodha ya kartie kumi. Swali la kila mtu lilikuwa moja tu, sisi tuko ndani ao hatuko ndani? Jibu lilikuwa la mstari mmoja, na kwenye grupe zenye zilikuwa wazi lile jibu lilikuwa linakaa kwenye skrini labda dakika mbili kabla ya kusukumwa juu na odio kumi. Siku kama zile grupe ifungwe. Iandike paka tangazo la OVG na la mji, na aliyetuma aweke tarehe na saa juu yake, juu tangazo la jana likizunguka leo nalo ni uvumi.

Mpaka hapo mtasema basi tufunge tu moja kwa moja. Hapana. Mimi nilibadilika mawazo kwa sababu ya kilio.

Kuna mzee alifariki kwenye avenyu ya jirani, na grupe yao ilikuwa imefungwa tangu zamani juu ya mabishano ya siasa. Admin wao alitangaza vizuri, mwili uko hospitali gani, ibada saa ngapi, mazishi wapi, mchango unatumwa kwa namba ya nani. Tangazo safi kabisa. Lakini hakufungula. Watu wakasoma, wengine wakaweka ile emoji ya machozi, wengine wakasema nitapita mwenyewe, na wenye wako mbali, Kampala, Kinshasa, Lubumbashi, wenye hawawezi kupita, hawakuwa na mahali pa kusema hata neno. Baada ya mazishi dada ya mjane akauliza mbele ya watu, "Avenyu muzima, hakuna hata mutu moja aliandika pole?" Hakuna aliyemjibu, utamjibu nini, utamuelezea mambo ya ruhusa za grupe? Kwetu pole inasemwa, inasikiwa, na familia inajua ni nani alisema. Mia moja na hamsini ya "pole sana familia" kwenye telefone ya mjane si kelele, anazisoma moja moja usiku wakati watu wamerudi kwao. Emoji haiwezi kubeba hiyo kazi, na mzee wa miaka sitini na tano akipewa pole ya emoji anaona umemdharau.

Kwa hiyo vile tunafanya sasa: tangazo la kilio linaingia, admin analipin kule juu, halafu grupe inafungulwa na inabaki wazi mpaka siku ya mazishi ipite. Kupin njo kulitatua ile shida ya kuzika ujumbe, unachagua ikae masaa 24, siku 7 ao siku 30, na mtu akiingia saa yoyote anagusa pale juu anaona saa ya ibada hata kama pole ziko mia tatu chini yake. Nashangaa admin wengi hawaijui, wanafunga grupe nzima kwa sababu ya ujumbe mmoja ambao wangeupin tu.

Siku nyingine ya kutofunga ni siku ya hatari yenye kila mtu ako anaona kipande chake. Januari 2025 vita ilipoingia mjini, umeme ukakatika, maji yakakatika, telefone inachajiwa kwa shida, mtu akipata network kidogo anataka kujua kama mtoto wake mwenye alikuwa Katindo amefika mahali. Ukimfungia mdomo siku ile umemfungia msaada. Pale admin hawezi kujua kila kitu, wenye kujua ni watu kila mmoja kwenye mlango wake. Tulikuwa na kanuni fupi, unaandika paka kitu umeona wewe mwenyewe, unataja avenyu na saa, odio ya kutransfere hapana, na mambo ya wenye silaha wako wapi hapana kabisa. Mwenye kutuma kinyume, admin anafuta. Mtaona tofauti na volkano: kule ukweli ulikuwa unatoka mahali pamoja, kwa watu wenye mashine za kupima mlima, hapa ukweli ulikuwa kwa majirani. Mimi njo ninavyoamua kufunga ao kutofunga, najiuliza habari ya kweli leo iko kwa nani.

Hiyo ya admin kufuta ujumbe wa memba kwa watu wote ilikuja 2022, na kama ungeniambia nichague kifungo kimoja tu kati ya vyote ningechagua hiyo hata mbele ya kufunga. Unashikilia ujumbe, unafuta, pale panabaki maandishi kama admin fulani ameufuta. Jina lako linaonekana, na hiyo ni vizuri, mtu ajue ni nani amemfuta amuulize. Ila fanya haraka, juu odio ikishatoka kwenye grupe yako kwenda kwingine huwezi kuifuata. WhatsApp wenyewe walikaza upande wa kutransfere: tangu 2019 ujumbe unatumwa kwa grupe ao watu watano tu kwa mara moja, na ule wenye umeshazunguka sana, wenye mishale miwili, tangu 2020 unaenda kwa mmoja mmoja. Wafundisheni wazazi wenu ile mishale miwili. Mama yangu hajui kusoma Kifaransa lakini mishale miwili anaijua, akiiona anasema hii imetembea sana, siitume. Na kwa wenye wanasema "si ni telefone yangu", sheria ya numerike ya nchi (Code du numérique), ya tarehe 13 Machi 2023, inaadhibu mtu mwenye kurusha habari ya uongo juu ya mwingine kwenye mitandao, hata kama wewe uliitransfere tu.

Kitu chenye naona ma-admin hawakielewi kuhusu kufunga kwa muda mrefu ni hiki. Watu hawanyamazi. Wanatengeneza grupe nyingine. Itaitwa jina lile lile na namba 2 mbele, ao "Ukweli wa avenyu", na wewe admin hautakuwa ndani, shefu hatakuwa ndani, mwalimu mwenye anajuaga kusahihisha watu kwa upole hatakuwa ndani, na kila kitu ulikuwa unaogopa kitasemwa kule bila mtu wa kusema hapana. Nimeona ikitokea kwa grupe za wazazi, za parokia, za motari. Grupe ya kwanza inabaki kama ukuta wa kubandika matangazo na ya pili njo inaishi.

Kwa AVEC ni mbaya zaidi. Wenye mko kwenye AVEC mnajua, kasha lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, pesa inahesabiwa mbele ya wote kwa sauti, hakuna kitu cha kificho. Halafu mweka hazina anatuma hesabu ya wiki kwenye grupe imefungwa? Mama anaona jina lake wameandika hisa mbili na yeye alitoa tatu, hana pa kusema mbele ya wenzake, anaandika pembeni kwa admin, admin hajaona, siku tatu zinapita, na hapo maneno yameshafika sokoni kama mweka hazina anakula. Pengine alikosea tu kuandika. Hesabu ya pesa za watu itumwe grupe ikiwa wazi na ibaki wazi mpaka kila mtu aseme nimeona. Kwenye hili sina mjadala na mtu.

Sasa kwa wenye grupe kubwa, msibaki kwenye grupe ya kawaida, angalieni Communauté. Ilianza kufika kwa watu mwisho wa 2022, wakati ule ule grupe ya kawaida ilipanuka mpaka watu 1024. Inakuwa hivi: juu kuna sehemu ya matangazo yenye wanaandika admin tu, na chini yake mnaweka grupe ndogo ndogo, moja ya maji na umeme, moja ya usalama, moja ya vijana, moja ya biashara mwenye kuuza sambaza na perike akauze kule. Na tangu 2024 memba anaweza kujibu tangazo, lakini majibu yanakusanyika chini ya lile tangazo na hayapigi kengele kwenye telefone ya kila mtu. Hii ni karibu kabisa na kitu tulikuwa tunatafuta, mtu anasema lake, mwenye anataka kusoma anagusa, mwenye hana mega anasoma tangazo anaenda kulala.

Na kuna faida nyingine kwenye hizo communauté ambayo wanaume hawaifikirii. Kwenye ile sehemu ya matangazo, namba yako haionekani kwa memba wengine, inaonekana kwa admin. Kwenye grupe ya kawaida namba ya kila msichana iko wazi kwa watu mia nne. Binti anaandika tu "asante kwa habari", usiku anapata ujumbe tatu pembeni kutoka kwa watu hajui, "habari mrembo". Wengi walitoka kwenye grupe ya avenyu kwa sababu hiyo, kimya kimya, halafu tunashangaa mbona dada zetu hawapati matangazo. Hii peke yake ingetosha kunifanya nihame.

Chaneli, zenye zilifika kwetu 2023, mimi siziweki kwa kazi ya avenyu. Ni nzuri kwa redio, kwa parokia kubwa, kwa mtu wa habari, namba za wote zinafichwa na hakuna wa kukuharibia. Lakini mwenye kufuata anaweka emoji, anapiga kura, basi, na vitu vya zamani havikai, ni kama siku thelathini tu vinaondoka. Avenyu inahitaji mtu kuweza kusema "hapa kwetu maji haijatoka, mulituambia itatoka".

Kitu kinachokosekana, na hapa napunguza nyota moja kati ya tano: hakuna kifungo cha katikati. Telegram wako nacho tangu 2019, unaweka kwamba memba akiandika mara moja asubiri sekunde thelathini, ao dakika tano, ao saa nzima kabla ya kuandika tena. Mtu wa mabishano anachoka mwenyewe, na mwenye ana neno moja la maana analisema. Hiyo kitu ingekuwa kwa WhatsApp tungefunga grupe mara chache sana. Mtaniambia basi hamieni Telegram, lakini nani atahamisha mama wa makala? Kwenye avenyu yetu WhatsApp njo intaneti yenyewe, forfe nyingine zinauzwa za WhatsApp peke yake. Ninachotaka pia ni saa ya kufunga na kufungula yenyewe, ile ifunge saa nne ya usiku ifungule saa kumi na mbili asubuhi. Mpaka leo naifunga na mkono, na nikilala mapema watu wanabishana mpaka usiku wa manane.

Kwetu hizo ndizo saa tumekubaliana, na zimeandikwa kwenye maelezo ya grupe ili mtu akikuta imefungwa ajue itafungulwa wakati gani na asifikirie kuna kitu kinafichwa. Ikifungwa nje ya hizo saa, admin anaandika mstari mmoja wa sababu na saa ya kufungula. Wenye mna watu thelathini tu kwenye grupe, hamna haja ya haya yote, acheni wazi mkatumie kupin na kufuta. Na msiweke admin mmoja. Wekeni watatu, mmoja awe mama, mmoja awe kijana mwenye telefone haizimi, juu admin akiwa peke yake na mega zikamwishia saa grupe imefungwa, hakuna mtu mwingine kwenye avenyu nzima anaweza kuifungula mpaka anunue zingine.